Mkebe wa Mjomba: Historia ya Picha Ambazo Hatukujipangia

Ndugu zangu wa damu na wa nasaba, wakubwa kwa wadogo, mlioko Maskati, Dubai, London na Toronto, na nyinyi mliobaki nyumbani Unguja,

Kamati ya Mkutano ilinipa heshima ya kuandika makala ya historia kwa ajili ya kijitabu hiki. Mti wa nasaba umekwisha kuchorwa na ami yetu wa Maskati, na safari za wazee wetu zimeelezwa na wenye kuzijua kuliko mimi. Nikajiuliza, kimebaki nini? Jibu nililipata juu ya kabati la chumba changu hapa London, ndani ya mkebe wa biskuti ulioshika kutu pembeni.

Mkebeni mna picha 43, nyeusi na nyeupe, ndogo kiasi cha kuenea kiganjani. Zilipigwa baina ya mwaka 1953 na 1963, katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe, na marehemu Mjomba, kama tulivyomwita sote, hata wale ambao kwao alikuwa ami au babu. Wengi wenu mmezisikia, wachache mmeziona. Katika picha zote hizo hamna hata moja ambamo mtu amesimama akaitazama kamera. Watu wanachambua mchele, wanasuka ukili, wanagombana juu ya bao, wanalala. Ni sisi, kama tulivyokuwa pale ambapo hakuna mgeni.

Nataka kueleza picha hizo zilipatikana vipi, kwa sababu ufundi ule ni sehemu ya historia yetu. Ipo na sababu ya pili. Moja katika picha hizo Kamati iliomba iwekwe kwenye jalada la kijitabu hiki, nami nikakataa. Mna haki ya kujua kwa nini.

Picha ilivyofika kwetu

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1839, na haukuchukua miaka 10 kufika pwani ya Afrika ya Mashariki. Nahodha wa Kifaransa Charles Guillain, aliyeizunguka pwani yetu baina ya 1846 na 1848, alikuja na chombo cha kupigia picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Mwaka 1860 James Augustus Grant alipiga picha Unguja kabla ya kuelekea bara pamoja na Speke. Baadaye wakaja mafundi wa Kigoa, akina A. C. Gomes, Pereira de Lord na ndugu wa Coutinho, wakafungua studio zao. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, ambayo watu wa Mjini wa rika langu hawana haja ya kuelezwa mlango wake ulikuwa wapi.

Wengi katika wageni wa mwanzo walitupiga picha kama walivyopiga picha minara na minazi. Postikadi walizouziwa wasafiri zilionesha wanawake wa pwani na kanga zao na vipini vyao, na chini yake pakaandikwa kabila au kazi, si jina. Bibi wa mtu fulani alisafiri hadi Ulaya juu ya postikadi, na hakuna aliyejua ni bibi wa nani.

Studio ilikuwa jambo jingine. Mtu alikwenda kwa miguu yake, akalipa fedha yake, akachagua aonekane vipi. Babu yetu alikwenda mwaka 1938. Waliobahatika kuiona picha ile ukutani kabla haijapotea wanaikumbuka: kanzu, joho, kilemba, mkono mmoja juu ya meza ndogo, na nyuma yake pazia lililochorwa nguzo na maua ambayo hayakuwahi kuota Unguja. Saa ya mnyororo iliyoning'inia kifuani haikuwa yake, ilikuwa ya studio. Uso wake ulikuwa mkavu kama wa kadhi anayesikiliza shauri.

Tusiwacheke wazee wetu kwa ukavu ule. Katika miaka ya mwanzo picha moja ilihitaji mtu atulie kwa muda mrefu, hata mafundi wakaweka chuma nyuma ya shingo kuzuia kichwa kisitikisike. Vyombo vilipopata kasi, desturi ya kutulia ilibaki, kwani picha iligharimu, nayo ilikusudiwa kuishi kuliko mwenyewe. Mtu hapeleki utani mbele ya kitu kitakachomzungumzia akiwa kaburini. Lakini ukweli ni kwamba babu niliyemjua mimi alikuwa mcheshi wa baraza zima, na picha ya studio haikumjua mtu huyo.

Kasha lililoingia majumbani

Mambo yalibadilika kwa sababu ya kasha. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman alianza kuuza kamera aliyoiita Kodak, yenye filamu ya picha 100. Zikimalizika, mwenye kamera aliirudisha nzima kiwandani katika mji wa Rochester, picha zikasafishwa, ikatiwa filamu mpya na kurejeshwa kwake. Mwaka 1900 likaja kasha dogo zaidi lililoitwa Brownie, lililouzwa kwa dola moja tu, nalo lilikusudiwa hata watoto waweze kulitumia. Katika mwaka wa kwanza yaliuzwa makasha zaidi ya 100,000. Kwa mara ya kwanza mtu asiye fundi aliweza kupiga picha ya mama yake jikoni bila ya kumwita mtu wa nje.

Miongoni mwa waliofaidika na zama hizo alikuwa mtoto wa Kifaransa, Jacques-Henri Lartigue, aliyezaliwa mwaka 1894. Baba yake alimpa kamera alipokuwa na umri wa miaka 8 hivi, naye akageuka mwandishi wa habari za nyumba yake mwenyewe. Alipiga picha za kaka yake akijaribu kuruka kwa mashine alizojitengenezea, na mwaka 1905 akamnasa binamu yake hewani akiruka ngazi, sketi imefumuka, uso umejaa furaha. Dunia haikumjua mpaka mwaka 1963, picha zake zilipooneshwa New York, naye akikaribia miaka 70. Muda wote huo zilikaa ndani ya albamu zake, kama zilivyokaa zetu ndani ya mkebe.

Wako waliopita njia nyingine. Mjerumani Erich Salomon, aliyesomea sheria, alificha kamera ndani ya kofia na mkoba akaingia nayo mahakamani na katika mikutano ya wakubwa tangu mwaka 1928. Aliwapata mawaziri wakisinzia na wakinong'onezana, na watu wakaona kwa mara ya kwanza kwamba watawala nao hupiga miayo. Mtu huyo, aliyeuawa na Wanazi huko Auschwitz mwaka 1944, alikuwa hodari, na kazi yake ilikuwa na faida kwa umma. Lakini njia yake ni ya kuvizia. Waziri anaweza kuviziwa, kwa kuwa anafanya kazi ya watu. Mama yako haviziwi.

Mjomba hakupata kusikia jina la Lartigue wala la Salomon. Alikuwa karani wa bandarini Malindi, na kamera yake aliinunua mnadani mwaka 1952, kasha jeusi la Brownie Namba 2, kuukuu, mkanda wake wa kushikia umekatika. Filamu yake, ile ya namba 120, ilitoa picha 8 tu, na bado inatengenezwa viwandani hadi leo. Filamu moja ilimchukua miezi miwili, mara nyingine mitatu.

Ufundi wake

Nimewauliza waliomkumbuka, na mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa kumfuata kila alipokwenda. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyaona na kuyasikia.

Kwanza, miezi mitatu ya mwanzo alizunguka na kasha tupu. Alikaa uani nalo mapajani, akanywa kahawa yake, akazungumza, akalibonyeza mara kwa mara bila ya filamu ndani. Mwanzoni wanawake walijitanda na watoto walijipanga mstari. Baada ya wiki kadhaa wakachoka, kasha likawa kama birika au kinu, kitu cha nyumbani kisichoangaliwa. Hapo ndipo alipotia filamu. Lakini hakuitia kwa siri. Alisema mbele ya wote, "Leo limeshiba," nao wakacheka wakaendelea na kazi zao.

Pili, kasha lile lilikuwa na kioo kidogo juu yake, nalo lilishikwa tumboni, si machoni. Mpigaji aliinamisha kichwa kama anayehesabu fedha zake. Hakuna aliyeona jicho limemwelekea, na jicho ndilo linalomfanya mtu ajikaze. Tabu yake ni kwamba kioo kiligeuza mambo: mtu akienda kulia, kioo kilimwonesha akienda kushoto. Mjomba alituambia ilimchukua filamu mbili nzima kujifunza kutomfuata mtu upande usio wake.

Tatu, alijua mahali mkono unaposita. Mlango wa kamera ile ulifunguka na kufunga kwa mwendo mmoja tu, nao si wa haraka, hivyo kila kinachokwenda mbio kilitoka kama moshi. Yeye aligundua kwamba kila kazi ina kituo chake. Mchi ukifika juu, kabla ya kuteremka, husita. Anayepepeta husita pale mchele unaporudi utoeni. Anayekuna nazi husita anapoligeuza kifuu. Mtu anayesimulia kisa husita kabla ya neno la mwisho, na wanaomsikiliza huwa wameinua nyuso. Alibonyeza hapo. Kwa hiyo ilimbidi aijue kazi ya kila mtu kama anayeifanya mwenyewe, na ndiyo maana shangazi akasema hajapata kuona mwanamume anayejua sana mambo ya jikoni na asiyeweza kupika hata uji.

Nne, aliitii nuru. Kasha halikuweza kuona ndani ya jiko wala ukumbini. Lilitaka jua, na jua liwe mgongoni mwa mpigaji, na anayepigwa awe mbali kiasi cha hatua tatu au nne. Basi kazi yake yote ilifanyika uani baina ya saa tatu na saa nne asubuhi, na jioni barazani baada ya alasiri. Mkitazama picha hizo mkadhani kwamba wazee wetu walikaa uani mchana kutwa, mjue ni kamera ile iliyotaka hivyo. Usiku wetu, mikesha yetu, na magonjwa yetu hayamo. Historia iliyomo mkebeni ni historia ya mahali penye jua.

Makosa nayo hayakukosekana. Kamera ile ilimtaka mpigaji aisogeze filamu kwa mkono baada ya kila picha, na akisahau, picha mbili huangukiana. Picha ya 17 ni ya namna hiyo. Babu amelala barazani, mdomo wazi, na kupitia kifuani mwake vijana wanne wanakimbiza mpira. Mjomba alitaka kuitupa, babu akaizuia. Alisema ndiyo picha pekee inayoonesha anachokiota.

Picha ya bibi

Sasa nifike penye neno lenyewe. Mapema mwaka 1962, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani, nilikuwa msichana wa miaka 9 nimekaa uani nikichambua choroko. Bibi alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Kanga ilikuwa imemwangukia mabegani na nywele zake zi wazi, kwani ilikuwa ni nyumbani na mwanamume pekee aliyekuwapo alikuwa mwanawe. Mama mdogo alisema neno juu ya jirani, neno ambalo sitaliandika katika kijitabu kinachosomwa na watoto. Bibi akalisimamisha kifuu, akarudisha kichwa nyuma akacheka, meno yake yote nje, pamoja na pengo. Nikasikia mlio mdogo wa chuma.

Wengine walicheka zaidi. Bibi alijitanda, akaendelea kukuna. Filamu ilipomalizika Mjomba aliipeleka studio kusafishwa kama kawaida yake, akarudi na picha, akampa mkononi. Bibi aliitazama muda mrefu. Hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Alikataa kwenda studio mwaka 1938 pamoja na babu, akakataa tena kila alipoombwa. Tulidhani ataichana. Alisema, "Huyu ndiye mimi. Basi si wa kila mtu."

Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria: "Na aliyeisafisha je?"

Mjomba aliinama. Aliyeisafisha ni mfanyakazi wa studio, mtu mwema, aliyesafisha picha za nusu ya mji. Lakini alikuwa amemwona. Bibi hakusema zaidi. Aliitaka na ile filamu yenyewe, ile inayoonesha nyeusi kuwa nyeupe, akavifunga vyote viwili katika kitambaa akaviweka sandukuni mwake.

Tangu siku ile Mjomba hakupeleka tena filamu ya nyumba yetu nje. Alinunua dawa na karatasi, akajifunza kusafisha picha mwenyewe usiku, chooni, mlango umezibwa kwa blanketi. Filamu ilitaka giza tupu, na karatasi ilistahimili taa nyekundu. Maji aliyachota kisimani kwa ndoo, na kwa kuwa picha hutaka kuoshwa kwa maji mengi hadi dawa yote itoke, nyingine hazikuoshwa vya kutosha. Picha 12 za mwisho mkebeni zina madoa ya rangi ya chai. Waliowahi kuziona walisema ni uchakavu. Siyo. Madoa yale ni heshima ya mtoto kwa mama yake, na ukitaka kujua ni lini Mjomba aliielewa kazi yake barabara, angalia yanapoanzia.

Kutawanyika

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliwakuta jamaa zetu katika hali ambazo kila nyumba ina simulizi yake, na wengine wameziandika katika kurasa za mbele. Mimi nitasema la picha tu. Picha za studio zilibaki ukutani, kwa kuwa zilikuwa kubwa, zina fremu na vioo, na aliyeondoka hakuondoka na ukuta. Picha ya babu ya mwaka 1938 hatukuiona tena. Mkebe wa biskuti uliondoka ndani ya kikapu cha mama yangu, chini ya mchele. Kitambaa cha bibi kiliondoka katika pindo la kanga yake, kikapita Dar es Salaam, na baada ya mwaka 1970, njia ya Oman ilipofunguka kwa jamaa zetu, kikafika Maskati.

Mjomba hakuondoka. Alisema bandari haiwezi kubaki bila ya karani. Alifariki Unguja mwaka 1971, Mwenyezi Mungu amrehemu, na hatukuonana naye tena. Mtu aliyetupiga picha sote hana hata moja yake.

Huko ugenini tulinunua kamera mpya, zile zilizotiwa filamu kwa kichupa kimoja bila ya kuhangaika, zilizoanza kuuzwa mwaka 1963. Tukarudia kusimama mstari. Tazameni albamu zenu za miaka ya 1970: tumesimama mbele ya gari, mbele ya jokofu, mbele ya theluji, mikono imenyooka. Nilikuwa nikiona haya juu ya picha zile. Siku hizi sioni. Picha ya mtu wa ugenini ilikuwa barua. Ilitumwa kwa mama aliyebaki mbali ili imwambie kwamba mwanao mzima, kashiba, kavaa. Huwezi kumtumia mama picha yako umelala sakafuni baada ya zamu ya usiku. Lakini kwa kuwa tulitumiana salama tu, watoto wetu hawana picha ya jinsi tulivyoishi miaka ile. Na rangi zenyewe zimefifia zikawa nyekundu nyekundu, hali nyeusi na nyeupe za Mjomba, pamoja na madoa yake, bado zinasomeka.

Leo kila mmoja wetu ana kamera mfukoni ndani ya simu, na katika arusi moja tunapiga picha nyingi kuliko alizopiga Mjomba umri wake wote. Hata hivyo mwaka jana nilipomwuliza mjukuu wangu anioneshe mama yake akipika, alipekua simu yake muda mrefu hakuipata. Alikuwa na picha za chakula, na picha za mama yake akitabasamu pembeni ya chakula.

Ombi langu

Tutakapokutana, nawaomba kila nyumba itoe kijana mmoja apige picha kwa njia ya Mjomba. Akae kwanza. Asaidie kuosha vyombo, asikilize wazee, simu iwe mezani mpaka isahaulike. Asiseme "tabasamuni." Aingojee mikono. Wazee wetu watatu wanajua bado kusuka ukili, na mmoja tu ndiye anayejua kukaza halua kwa mkono wa zamani. Atakayenasa mikono yao atakuwa ameandika historia zaidi ya makala hii. Kisha amwoneshe aliyempiga, na akiambiwa futa, afute mbele yake.

Picha zipigwe chapa, na nyuma yake paandikwe majina, mahali na tarehe kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino. Mjomba alifanya hivyo kwa zote 43, na mwandiko wake ndio uliotuwezesha kuwajua watoto wawili ambao hakuna aliye hai angewatambua. Msizibandike katika zile albamu zenye kurasa za gundi, gundi ile huila picha. Na tafadhalini, msizirushe picha za mama zetu katika makundi ya simu bila ya ruhusa zao. Aliyeisafisha je? Swali la bibi halijazeeka.

Bibi alifariki Maskati mwaka 1984. Kitambaa kilikutwa ndani ya sanduku lake, na wosia wake ulikuwa mfupi: wazawa wake waione, wengine wasiione. Ndiyo sababu nilikataa jalada. Kijitabu hiki kitasahauliwa katika mabasi na viwanja vya ndege, nacho kitafika mikononi mwa tusiowajua. Picha ile ni amana, na Mjomba aliipata kwa kuwa aliaminiwa. Haiwezi kuwa halali kwetu kuitangaza kwa kuwa yeye na bibi hawapo kutukataza.

Siku ya Jumamosi baada ya sala ya alasiri nitaifungua katika chumba cha ndani. Waingie wajukuu wake, vitukuu na vilembwe. Wengi wenu hamjapata kumwona. Mtamwona anacheka.

Kwa upande wa jalada, Kamati nami tulifikia suluhu. Mnachokiona hapo mbele ni kipande cha pembe ya chini ya picha ile ile. Ni sakafu ya ua wetu, vifuu viwili vya nazi, na kivuli kirefu cha mtu aliyeinamisha kichwa, viwiko nje, ameshika kitu tumboni. Jua lilikuwa mgongoni mwake, kama alivyotaka. Huyo ndiye Mjomba, na hana picha nyingine.

Wabillahi tawfiq.

Ndugu yenu, mtunza mkebe,
London